Philip Henry Gosse: Mtu aliyeitia bahari ndani ya kioo

Mwanasayansi huyu wa Uingereza wa karne ya 19 aliwafundisha watu wa enzi zake kuifuga bahari sebuleni. Kwa miaka mingi alitafuta njia ya kuyafanya maji yaliyofungiwa yabaki hai, na sehemu ya jibu aliyoikosa ilipatikana muda mfupi baada ya kifo chake.

Katika sekta ya Nyakabuye, wilayani Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, kunajulikana chemchemi za maji moto ziitwazo Amashyuza, ambako vizazi kwa vizazi walikwenda kuoga na kupumzisha viungo. Aliyeingia humo hakuwa na haja ya kujiuliza kwa nini maji yaliyotumiwa na watu wengi hivyo hayakuvunda. Jibu lilikuwa chini ya miguu yake: maji mapya yalibubujika kutoka ardhini, na yale yaliyokwisha kutumika yalishika njia ya bondeni.

Kaskazini mwa wilaya hiyo hiyo, Ziwa Kivu linatoa fundisho la kinyume. Maji ya kilindini mwake hayachanganyiki na yale ya juu. Hayana oksijeni, na yamejaa gesi ya methani na kaboni dioksidi. Samaki huishi katika tabaka la juu peke yake, na gesi iliyotulia chini ndiyo inayovunwa huko Karongi kwa ajili ya kuzalisha umeme.

Mto Rusizi huyapokea maji ya Kivu na kuyamimina katika Ziwa Tanganyika, ambalo samaki wake wadogo wenye rangi za kupendeza husafirishwa wakiwa hai hadi kwenye matangi ya kioo ya Ulaya, Asia na Marekani. Desturi hiyo ya kumweka kiumbe wa majini nyuma ya kioo, naye akaishi miaka badala ya kufa siku ya tatu, ina historia yake. Katika historia hiyo, jina la Philip Henry Gosse haliwezi kurukwa.

Karani wa nchi ya baridi

Gosse alizaliwa tarehe 6 Aprili 1810 katika mji wa Worcester, nchini Uingereza. Baba yake alikuwa mchoraji wa picha ndogo za sura za watu, aliyetembea mji hadi mji akitafuta wateja, na kipato chake kilikuwa haba. Mtoto alikulia Poole, mji wa bandari kusini mwa nchi, na huko ndiko alikoanza kuokota konokono na viumbe wengine wa ufukweni. Kutoka kwa baba alirithi mkono mwepesi wa kuchora, kipaji kilichokuja kumfaa sana.

Mwaka 1827, akiwa na umri wa miaka 17, alivuka Bahari ya Atlantiki kwenda kufanya kazi ya ukarani katika mji wa Carbonear, kisiwani Newfoundland, ambako wafanyabiashara walishughulika na samaki na sili. Mwaka 1832 alinunua kitabu cha zamani juu ya hadubini, na tangu hapo alijitolea kuchunguza viumbe, hasa wadudu. Hakupata kusoma chuo kikuu. Shule yake ilikuwa daftari, kalamu na uvumilivu wa kukitazama kitu kimoja hadi akielewe.

Mwaka 1835 alijaribu kilimo nchini Kanada, akashindwa. Mwaka 1838 alikwenda Alabama, kusini mwa Marekani, kuwafundisha watoto wa wenye mashamba ya pamba. Wadudu na ndege wa huko walimfurahisha, lakini utumwa alioushuhudia ulimchukiza, na baada ya miezi michache aliondoka. Alirejea Uingereza mwaka 1839, mfukoni mkiwa na kidogo, ila mikononi akiwa na mswada wa kitabu juu ya maumbile ya Kanada, kilichochapishwa mwaka uliofuata.

Jamaika na wenzake wawili

Mwaka 1844 Gosse alitumwa Jamaika kukusanya ndege, wadudu na mimea kwa ajili ya wanunuzi wa Uingereza. Alikaa huko takriban mwaka mmoja na nusu. Utumwa ulikuwa umekwisha kukomeshwa kisiwani, na watu wenye asili ya Afrika walikuwa wanajenga maisha mapya.

Kazi yake ya huko isingefanikiwa bila watu wawili. Wa kwanza ni Samuel Campbell, kijana mweusi wa kisiwani aliyemwajiri kama msaidizi. Campbell alikuwa na jicho kali kuliko mwajiri wake katika kuwatambua na kuwanasa ndege, na Gosse alikiri hayo waziwazi katika maandishi yake. Wa pili ni Richard Hill, hakimu mwenye asili mchanganyiko, aliyepigania kukomeshwa kwa utumwa na aliyekuwa mjuzi wa viumbe kwa haki yake mwenyewe. Kitabu juu ya ndege wa Jamaika kilipotoka mwaka 1847, jina la Hill liliandikwa kwenye ukurasa wa mbele kama mtu aliyeshiriki kazi hiyo. Katika zama ambazo wasomi wengi wa Ulaya walichukua maarifa ya wenyeji bila kuwataja, jambo hilo halikuwa la kawaida.

Tatizo la ndoo ya maji ya chumvi

Gosse alimwoa Emily Bowes, mwandishi wa vijitabu vya dini, mwaka 1848, na mwaka uliofuata walipata mtoto wao wa pekee, Edmund. Miaka michache baadaye afya ya Gosse ilitetereka kwa kazi nyingi. Mwanzoni mwa 1852 familia ilihamia pwani ya Devon ili apumzike. Badala ya kupumzika, alishuka kwenye miamba kila maji yalipokupwa. Siku za bamvua, bahari inaporudi nyuma kuliko kawaida, aliinama juu ya vidimbwi vya miambani akiwa na patasi na nyundo.

Alichokitaka ni kuviona viumbe vikiishi, kinyume na desturi ya wakati huo ya kuvichunguza vikiwa vimekufa ndani ya chupa za pombe. Hapo ndipo lilipokuwa tatizo ambalo kila mvuvi wa pwani ya Afrika Mashariki analijua. Ukimtia samaki katika ndoo ya maji ya bahari na kuiacha kivulini, kwa muda mfupi maji hubadilika harufu. Samaki anapumua na kuimaliza oksijeni. Anatoa kinyesi na mkojo, na ndani yake mna amonia, ambayo ni sumu kwake mwenyewe. Baharini mkondo huiondoa sumu hiyo na kuleta hewa mpya, lakini ndani ya ndoo haina pa kwenda.

Gosse hakuwa wa kwanza kupambana na jambo hili. Mwaka 1846 Anna Thynne, mke wa kasisi wa Westminster jijini London, alisafirisha matumbawe hai kutoka pwani ya Torquay. Kwa kuwa hakuweza kupata maji mapya ya bahari kila mara, alimtaka mtumishi wake kuyamimina maji yale yale kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi, kwa nusu saa au zaidi kila siku. Maji yaligusana na hewa, na matumbawe yakaishi. Baadaye aliongeza mwani ndani ya chombo. Mikono ya mtumishi huyo, ambaye historia haikuhifadhi jina lake, ilifanya kazi ambayo leo inafanywa na pampu.

Naye Robert Warington, mkemia wa London, alieleza mwaka 1850 jinsi mimea na wanyama wa majini wanavyoweza kutegemeana: mnyama hutoa kaboni dioksidi ambayo mmea unaihitaji, na mmea unapopata mwanga hutoa oksijeni ambayo mnyama anaihitaji. Gosse alifanya majaribio kama hayo kwa maji ya bahari, akipima ni mwani gani unafaa, mwanga kiasi gani unatosha, na wanyama wangapi wanaweza kuishi pamoja bila kuuana kwa uchafu wao.

Katika kiangazi cha 1852, huko Ilfracombe, aligundua tumbawe dogo lenye rangi nyekundu na ya dhahabu ambalo sayansi ilikuwa bado haijalisajili. Alilipa jina la Kilatini lenye maana ya ufalme.

Neno jipya mjini

Mwezi Mei 1853 bustani ya wanyama ya Regent's Park jijini London ilifungua nyumba ya chuma na vioo yenye matangi ya viumbe wa majini, ya kwanza ya aina yake kwa umma. Gosse alikuwa miongoni mwa waliowakusanya viumbe wa kuwekwa humo. Mwaka 1854 alichapisha kitabu kiitwacho The Aquarium, chenye michoro ya rangi aliyoichora mwenyewe, na neno hilo likaenea kwa maana inayojulikana leo. Katika kipindi hicho hicho alitangaza namna ya kutengeneza maji ya bahari kwa kuchanganya chumvi ya kawaida na chumvi nyingine tatu za magnesi na potasi, ili hata mtu aishiye mbali na pwani aweze kufuga viumbe hao.

Watu waliitikia kwa shauku kubwa. Kodi ya vioo ilikuwa imefutwa mwaka 1845, kwa hiyo vioo vilikuwa rahisi kununuliwa. Reli ziliwapeleka watu pwani na kuwarudisha. Tangi la bahari likawa pambo la sebule za watu wa tabaka la kati.

Miaka hiyo hiyo, jiji lenyewe lilikuwa linaugua maradhi ya tangi lisilo na mkondo. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu katika mtaa wa Soho, na daktari John Snow alionyesha kuwa chanzo kilikuwa kisima cha pampu kilichochafuliwa. Mwaka 1858 uvundo wa Mto Thames, uliokuwa unapokea kinyesi cha jiji zima, uliwalazimisha wabunge kuidhinisha ujenzi wa mfumo mpya wa mifereji ya majitaka. Sebuleni na mjini, fundisho lilikuwa moja: viumbe wakisongamana, swali la kwanza ni taka zao zinakwenda wapi.

Matangi mengi yalikufa. Wamiliki waliyaweka juani, maji yakapata joto na kugeuka kijani. Waliwajaza wanyama kuliko uwezo wa maji. Walisahau kumwondoa konokono aliyekufa, naye akaoza na kuua wengine wote kwa usiku mmoja. Mwani peke yake haukuweza kuibeba kazi ambayo Gosse na wenzake waliutwika.

Msiba na upweke

Mwezi Februari 1857 Emily alifariki dunia kwa saratani ya matiti, baada ya matibabu yenye maumivu makali yaliyoshindwa kumwokoa. Edmund alikuwa na miaka 7. Mwaka huo huo Gosse, aliyekuwa mfuasi wa madhehebu yenye msimamo mkali wa Kikristo, alichapisha kitabu kilichojaribu kupatanisha umri wa miamba na simulizi la uumbaji. Alidai kuwa dunia iliumbwa ikiwa tayari na alama za historia ambayo haikuwahi kutokea. Wanasayansi walikikataa, na waumini wengi pia. Mtu aliyekuwa kipenzi cha wasomaji alijikuta peke yake katikati ya kambi mbili.

Alihamia St Marychurch, karibu na Torquay, akamlea mtoto wake karibu na bahari, na mwaka 1860 alioa tena. Mwaka huo alikamilisha kitabu chake kikubwa juu ya anemoni, viumbe wa baharini wanaofanana na maua, na matumbawe ya Uingereza. Kazi hiyo inaheshimiwa hadi leo kwa usahihi wa michoro yake.

Lakini ufukwe ulikuwa umebadilika. Wasomaji wake walikuja na vikapu, nyundo na mitungi, wakavikwangua vidimbwi ambavyo yeye alivieleza kwa upendo. Viumbe waliotumia miaka mingi kukua walibebwa kwenda kufia sebuleni. Miaka mingi baadaye, mwaka 1907, Edmund Gosse alisimulia katika kumbukumbu za utoto wake jinsi baba yake alivyohuzunishwa na uharibifu huo, akijua kwamba kalamu yake ndiyo iliyouonyesha umma njia.

Mkondo uliokosekana

Suala la maji lilisukumwa mbele na mtu mwingine, William Alford Lloyd, ambaye vitabu vya Gosse vilimchochea kuanzisha biashara ya matangi na viumbe wa bahari jijini London. Lloyd alitambua kuwa tangi dogo lililotulia ni mtego. Huko Hamburg mwaka 1864, kisha katika jengo la Crystal Palace jijini London mwaka 1871, alijenga chini ya sakafu hifadhi ya maji yenye giza na ubaridi, kubwa mara kadhaa kuliko matangi yaliyotazamwa na watu. Pampu iliyapandisha maji usiku na mchana, yakapita tangi hadi tangi, kisha yakarudi chini. Uchafu wa mnyama mmoja haukubaki mahali pamoja, bali ulisambaa katika maji mengi yenye hewa, na maji yale yale yakatumika kwa muda mrefu bila kubadilishwa.

Kwa nini mbinu hiyo ilifaulu, Lloyd na Gosse hawakuweza kueleza kikamilifu. Gosse alifariki tarehe 23 Agosti 1888, miaka miwili baada ya kushiriki kuchapisha kitabu kikubwa juu ya rotifera, viumbe wadogo mno wa majini. Muda mfupi baada ya kifo chake, mwanasayansi Mrusi Sergei Winogradsky, akifanya kazi mjini Zurich, aliwatenga bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati isiyo na sumu kali. Bakteria hao hukaa juu ya mawe, mchanga na kuta, na huhitaji oksijeni. Maji yakisimama hufa. Maji yakitembea huletewa chakula na hewa, nao hufanya kazi. Mtu aliyetazama kupitia hadubini maisha yake yote alikuwa na wafanyakazi hao ndani ya matangi yake bila kujua kazi yao.

Ujuzi huo ndio msingi wa matangi ya matumbawe ya leo. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Indonesia alieleza jinsi alivyofuga matumbawe na samaki kwa kutumia mawe hai ya baharini, yaliyojaa viumbe wadogo, pamoja na mapovu ya hewa ya kuyatembeza maji. Wafugaji wa sasa huweka pampu pande mbili zinazobadilishana, ili maji yaende na kurudi kama mawimbi. Tumbawe halina miguu: limegandamana na mwamba, haliwezi kukifuata chakula wala kuukimbia uchafu wake. Mkondo ndio unaolilisha na kuliosha. Nyuma ya mawe, mahali ambapo maji hayafiki, ndipo mabaki hujikusanya na kuoza, kwa hiyo mfugaji makini huyapanga mawe yake kwa kuacha nafasi.

Maji ya juu, yenye mafuta na utando, humwagika kwenye tangi la chini lililofichwa. Huko hupitishwa katika mrija ambamo hewa hupulizwa kwa mapovu madogo sana. Uchafu hunata kwenye mapovu, hupanda kama povu la mawimbi yanayopiga mwamba, na hukusanywa na kumwagwa kabla haujaoza. Nitrati inayobaki hupunguzwa na mwani, na bakteria wa aina nyingine, na kubadilisha sehemu ya maji.

Deni kwa bahari

Swali lililomsumbua Gosse uzeeni halijafungwa. Samaki wa mapambo wanaendelea kunaswa kwenye miamba ya Afrika Mashariki, na biashara ya kimataifa ya matumbawe magumu sasa inadhibitiwa kwa mkataba. Mwaka 1998 joto la bahari liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, pamoja na yale ya Kenya, Tanzania na Ushelisheli. Hasara hiyo haikuletwa na wenye matangi, lakini imefanya kila tumbawe linalong'olewa liwe na uzito zaidi.

Kwa upande mwingine, matangi yamewafundisha watu kuyazalisha matumbawe kwa vipande vidogo badala ya kuyavunja baharini. Ujuzi wa namna hiyo hiyo, wa kukuza kipande hadi kiwe tumbawe zima, unatumika katika vitalu vya matumbawe vilivyoanzishwa chini ya maji karibu na kisiwa cha Wasini, kusini mwa pwani ya Kenya. Hapo hakuna mtumishi wa kumimina maji dirishani, wala pampu ya kulipiwa umeme. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, ikiondoka na taka na kurudi na chakula, kama ilivyokuwa katika vidimbwi vya Devon kabla watu hawajafika na vikapu vyao.